Mbao ya Kushoto Kwanza

Delphine alichomeka bomba la chuma ardhini,
akalivuta, akaulaza udongo juu ya turubai
kama mtu anayelaza samaki wa kupimwa:
mchanga, mboji, mchanga, mboji, mchanga.
"Hesabu," akaniambia.
Nikahesabu tabaka kumi na tisa za baba yangu.

Kila miaka mitatu, barafu ikishika,
Orville Bozarth alipakia mchanga kwenye lori,
akaumwaga juu ya shamba lililoganda,
akausawazisha kwa reki, pumzi ikimfuka,
kisha akarudi nyumbani, akala supu bila kuvua viatu.
Barafu ilipoyeyuka mchanga ulizama
taratibu, kama shuka juu ya mtoto aliyelala,
na kranberi zikatoa mizizi mipya.
Hii nyembamba ni mwaka niliozaliwa mimi;
hakuwa na muda.
Hii nene, iliyopinda, ni mwaka aliofariki mama.
Alimwaga mchanga siku nne mfululizo
na hakuna aliyethubutu kumwambia basi.

Chini ya zote, kisiki.
Cheusi, kimeshiba maji,
na ukikikwaruza kwa ukucha kinanukia mwerezi
kama sanduku la bibi lililofunguliwa leo.
Babu wa babu yangu ndiye aliyekiacha.
Mbao zake ziliezeka mapaa ya Filadelfia,
naye akarudi na kamba na vigingi,
akachimba mitaro, akakinyoosha kijito kilichopinda,
akayafundisha maji adabu.
Tukairithi adabu hiyo, na deni.

Sikatai: palikuwa na uzuri.
Oktoba, tukiyafurisha mashamba,
vitunda vichachu vilielea, ekari arobaini za wekundu,
nasi tukatembea humo hadi kiunoni
kama watu wanaovuka kidonda kisichouma.
Kisha bei ikaanguka. Pipa zima
halikulipa dizeli ya pampu.
Mwaka wa kwanza hatukuvuna. Mwaka wa pili
misonobari midogo iliingia bila hodi.

Leo Wilfredo Quiñones yuko juu ya katapila.
Bibi yake alitoka Puerto Rico kuja kuchuma hapa,
akilipwa kwa sanduku, akilala kwenye banda
ambalo baba hapendi kulizungumzia.
Wilfredo halizungumzii pia. Anaziba mitaro
kwa udongo ule ule uliotolewa humo,
anaacha ardhi mashimo na matuta,
ovyo ovyo, kwa makusudi,
maana mche wa mwerezi hutaka miguu majini
na mahali pakavu pa kukalia.

Baba amekuja na mkongojo na kiti cha kukunja.
Ana miaka themanini na minne.
Hajatamka neno tangu asubuhi.
Tulipofika kwenye lango la bwawa
Wilfredo alianza kuing'oa mbao ya kulia.
Ikakataa, ikalia, ikakataa tena,
ndipo niliposikia sauti nyuma yangu:
"Ya kushoto kwanza. Ya kulia hubana."

Ya kushoto ikatoka.
Maji, mekundu-meusi kama chai ya rangi,
yalisita kidogo, mgeni mlangoni,
kisha yakapita.
Yalipinda pale pale yalipopinda zamani;
hakuna aliyeyaonyesha.

Tumepanda miche elfu mbili, kimo cha kijiko.
Kulungu walikula mia tatu kabla ya ua kufika.
Miaka sitini, anasema Delphine, ndipo kivuli kitafunga.
Nimepiga hesabu mara mbili: mimi simo.

Baba aliiomba ile mbao.
Ameiegemeza sebuleni, kando ya televisheni.
Bado inavuja,
na hataki mtu apafute.